Sarawak 1997: moyo ulishindwa, ugonjwa ukiwa kwenye ubongo

Kati ya Aprili na Juni 1997, watoto 29 walikufa katika jimbo la Sarawak, sehemu ya Malaysia iliyoko kisiwa cha Borneo, na vifo vyao vilifanana mno. Kabla ya hapo walikuwa wazima wa afya. Hakuna aliyekuwa ametimiza miaka 6, na nusu yao walikuwa na mwaka mmoja na nusu au pungufu. Homa ilianza nyumbani, ikakaa siku mbili hivi, mtoto akapelekwa hospitali, na huko mambo yakageuka ghafla: wengine walishikwa na degedege, wengine walilegea mkono au mguu, na wengi walianza kuhema kwa shida huku damu ikikosa msukumo. Baada ya hapo moyo ulisimama. Kwa nusu ya watoto hao, hata saa 9 tangu walazwe zilikuwa hazijapita.

Katika watoto 24 waliopata vipimo, picha za kifua za 17 zilionyesha mapafu yaliyojaa maji. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, kilionyesha kwamba ventrikali ya kushoto, ile inayosukuma damu kwenda mwili mzima, ilikuwa dhaifu kwa wote 24. Kwa majibu hayo peke yake, daktari yeyote angeandika kwenye faili kwamba virusi vimeshambulia misuli ya moyo.

Lakini wataalamu walipoweka vipande vya mioyo ya watoto 10 chini ya hadubini, hawakukuta uvimbe wala seli za kinga zilizojazana kati ya nyuzi za misuli. Mioyo 10 ilikuwa na misuli ya kawaida. Watoto walikuwa wamekufa kwa moyo kushindwa kazi, na moyo wenyewe haukuwa na ugonjwa.

Nimechagua kisa hiki, ingawa ipo milipuko mikubwa zaidi ya enterovirusi, ukoo wa virusi vinavyozaliana kooni na tumboni, kwa sababu humu swali la kama kilichougua ni moyo au ubongo liliulizwa kwa maisha ya watoto, na jibu lake lilibadilisha namna ya kuwatibu waliokuja baadaye.

Kwa nini wote walitazama moyo

Mlipuko wenyewe ulikuwa wa ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo. Ulianzia mji wa Sibu, na watoto 2,628 waliripotiwa kuugua. Ni ugonjwa ambao wazazi wengi wameuona hata kama hawakupewa jina lake: mtoto ana homa, anakataa kula kwa sababu mdomo umejaa vidonda, na viganjani na kwenye nyayo vinatoka vipele au malengelenge madogo. Kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja au siku 10 bila dawa maalumu. Unaambukizwa kwa mate, makamasi, maji ya malengelenge na kinyesi, na ndiyo maana hupita kwa kasi kwenye chekechea na nyumba zenye watoto wengi.

Tena si kila mtoto aliyekufa Sarawak alikuwa na dalili hizo. Vidonda vya mdomoni vilionekana kwa asilimia 66, na vipele kwa asilimia 62. Maana yake ni kwamba karibu mtoto mmoja kati ya watatu hakuwa na alama ambayo daktari angeitafuta kwanza. Alikuja na homa tupu.

Enterovirusi ni ukoo mkubwa. Zipo aina zaidi ya 100 zinazoambukiza binadamu, na virusi vitatu vya polio ni ndugu wa ukoo huohuo. Wengine ni koksaki A, koksaki B, virusi vya eko (jina tu, havihusiani na kipimo cha eko) na aina zilizopewa namba tu. Wengi huingia kwa mdomo, huzaliana kooni na tumboni, na mara nyingi huishia hapo. Wachache huingia kwenye damu, na wachache zaidi hufika kwenye kiungo ambacho hakivumilii uvamizi.

Koksaki B inajulikana kwa kupenda moyo. Kwenye seli za misuli ya moyo kuna protini ambayo virusi hivi huishika ili viingie ndani. Bara letu lina historia chungu ya jambo hili: mwaka 1952, katika nyumba ya uzazi huko Johannesburg, watoto wachanga walishikwa na uvimbe wa misuli ya moyo kwa pamoja, na chanzo kikaonekana kuwa koksaki B. Baadaye kidogo mlipuko wa namna hiyo uliripotiwa kutoka nyumba ya uzazi ya Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo. Katika ugonjwa huo hadubini haifichi kitu: seli za kinga zinaonekana zimevamia misuli, na nyuzi za moyo zimekufa kwa mabaka.

Kwa hiyo waliotazama moyo mwaka 1997 hawakuwa wazembe. Walikuwa na mlipuko wa enterovirusi, watoto wadogo, eko mbaya na mapafu yaliyojaa maji. Kila kitu kililingana na kisa cha Johannesburg, isipokuwa moyo wenyewe ulipochunguzwa.

Kulikuwa na njia nyingine iliyowapoteza watu kwa muda. Timu ya Mary Jane Cardosa wa Chuo Kikuu cha Malaysia Sarawak ilikuta virusi vya adeno, vya ukoo mwingine kabisa, katika baadhi ya watoto waliokufa Sibu, na wakaripoti hilo mwaka 1999. Swali likazuka kama ni adeno iliyoua, au ni virusi viwili vilivyosaidiana. Naona walifanya haki kuliweka wazi badala ya kulificha kwa kuwa lilivuruga hadithi. Lakini ushahidi wa miaka iliyofuata, Sarawak na kwingineko, uliirudisha lawama kwa kirusi kimoja: enterovirusi 71.

Vipande viwili vya shina la ubongo

Tishu za mfumo wa fahamu zilipatikana kwa watoto 5, na zote zilikuwa na uvimbe. Sehemu iliyokuwa na jibu kamili, yaani shina la ubongo, ilipatikana kwa watoto wawili tu. Katika wote wawili seli za neva zilikuwa zimeharibika na kufa kwa wingi, na uvimbe umetapakaa. Vipande hivyo vilipatikana katika siku ambayo hakuna mzazi anayetaka kusikia ombi la namna hiyo. Ninapofikiria maarifa yaliyojengwa juu ya vipande hivyo viwili, nawashukuru watu nisiowajua.

Shina la ubongo ni sehemu ndogo iliyo kati ya ubongo mkubwa na uti wa mgongo, ndani ya fuvu, juu ya shingo. Humo ndimo kupumua kunakoamriwa tukiwa usingizini, humo ndimo kumeza na kukohoa kunakoratibiwa, na humo ndimo vilimo vituo vinavyopandisha na kushusha shinikizo la damu kila sekunde bila sisi kujua. Enterovirusi 71 ina mapenzi ya pekee na sehemu ya nyuma ya shina hilo. Majaribio ya wanyama yanaonyesha kwamba virusi vinaweza kupanda kwa kufuata neva zenyewe, kutoka kwenye misuli na koo hadi ndani, bila kusubiri kubebwa na damu.

Vituo vinavyotuliza shinikizo vikiharibiwa, neva za taharuki hubaki bila mtu wa kuzizuia. Mwili humwaga adrenalini na noradrenalini kwa kiasi ambacho hakuna hofu ya kawaida inayoweza kuleta. Mishipa ya damu mwilini hukaza kwa pamoja, damu hukimbilia kifuani, shinikizo ndani ya mapafu hupanda, na kuta za mishipa midogo huanza kuvujisha maji hadi kwenye vifuko vya hewa. Mtoto huzama ndani ya kifua chake mwenyewe. Moyo nao, wakati huohuo, unachapwa kama punda aliyebebeshwa mzigo mlimani: mwanzo hukimbia kupita kiasi, kisha miguu inakataa. Hapo ndipo eko inapoonyesha ventrikali dhaifu.

Madaktari wa Taiwan waliochunguza mioyo ya watoto wa namna hii baadaye waliona nyuzi za misuli zilizojikunja na kufa, lakini bila kundi la seli za kinga linaloonekana kwenye uvimbe wa koksaki B. Ni alama zilezile ambazo noradrenalini nyingi huacha kwenye moyo. Kwa hiyo moyo uliumizwa kweli, lakini kilichouumiza ni homoni zilizotoka kwenye amri mbovu ya ubongo, si virusi vilivyokaa ndani yake.

Jambo hili lilikuwa na ndugu wa zamani. Wakati wa milipuko ya polio miaka ya 1950, wagonjwa ambao polio iliwapiga kwenye shina la ubongo walikufa vivyo hivyo, mapafu yamejaa maji. Polio ilipodhibitiwa kwa chanjo, kumbukumbu hiyo ilififia pia wodini. Na enterovirusi 71 haikuwa ngeni: iligunduliwa California mwaka 1969 kwa mtoto mchanga mwenye uvimbe wa ubongo, ikaua watu 44 Bulgaria mwaka 1975 katika mlipuko uliodhaniwa kuwa wa polio, na mwaka 1978 ikapita Hungary. Maarifa yalikuwepo kwenye majarida, lakini hayakuwepo karibu na kitanda cha mtoto.

Taiwan, mwaka uliofuata

Mwaka 1998 virusi vililipuka Taiwan. Mtandao wa madaktari wanaoripoti magonjwa, ambao ni sehemu ndogo tu ya madaktari wa kisiwa hicho, uliandikisha wagonjwa 129,106 wa mikono, miguu na mdomo au wa vidonda vya koo vya aina hiyo. Waliozidiwa walikuwa 405. Waliokufa ni 78, wengi mno wakiwa chini ya miaka 5, na kati ya hao 78, watoto 65 mapafu yao yalikuwa yamejaa maji au damu.

Tofauti na Sarawak, hapa palikuwa na hospitali kubwa zenye MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya ubongo, na wagonjwa wa kutosha kuweza kulinganisha. Tainan, kusini mwa kisiwa, madaktari walieleza watoto 41 waliothibitishwa kuwa na enterovirusi 71 na dalili za mfumo wa fahamu. Kati yao, 37 walikuwa wameshambuliwa kwenye shina la ubongo. MRI ilifanywa kwa 24, na kwa 17 ilionyesha mabaka palepale ambapo vipande viwili vya Sarawak vilikuwa vimeelekeza. Tena 7 kati ya watoto 41 hawakuwa na kipele wala kidonda popote.

Jambo lililonishika zaidi katika maelezo yao ni dalili iliyotangulia. Kwa asilimia 68 ya watoto hao, dalili ya kwanza ya ubongo ilikuwa kushtuka. Mtoto anapitiwa na usingizi, macho yanafumba, halafu mikono inaruka ghafla kana kwamba ameangukiwa na kitu. Anatulia, anasinzia tena, na inarudia, mara nyingi ndani ya saa moja. Anapoamka anatetemeka, au anayumba akitembea, au anashikilia ukuta ilhali jana alikuwa anakimbia. Si degedege, maana fahamu hazipotei. Mama yeyote anaweza kuliona hili kabla ya mashine yoyote, na ni rahisi kuliita ndoto mbaya au homa kali.

Katika kundi hilo watoto 7 walifika hatua ya moyo na mapafu kushindwa. Watano walikufa ndani ya saa 12 tangu wapokelewe.

Hospitali nyingine ya Taiwan ilitafuta kitu kinachotenganisha mtoto atakayejaa maji mapafuni na yule ambaye hatajaa. Walipata vitatu: sukari ya damu iliyopanda, seli nyeupe zilizoongezeka, na kiungo kilicholegea ghafla. Sukari ndiyo iliyokuwa na uzito zaidi, na inaeleweka, kwani adrenalini nyingi huitoa sukari kwenye akiba yake. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu kipimo cha sukari cha kidoleni kipo hata kwenye kituo cha afya kisicho na eko wala MRI. Sisi tumezoea kukitumia kutafuta sukari iliyoshuka kwa mtoto mwenye malaria kali. Ikiwa juu bila sababu, kwa mtoto mwenye homa anayeshtukashtuka, nayo ni habari.

Sarawak nao hawakukaa. Mwaka 1998 walianzisha ufuatiliaji wa kudumu wa ugonjwa huu, na ukaonyesha kwamba mawimbi ya enterovirusi 71 hurudi kila baada ya miaka mitatu hivi: 1997, 2000, 2003. Kutokana na watoto wa mawimbi hayo, watafiti walipata maswali matatu rahisi ya kumtambua mtoto ambaye ubongo huenda umeguswa: homa imefika siku 3? Imewahi kufika nyuzi 38.5? Mtoto amekuwa mzito, analala sana, hachezi?

Dripu

Mtoto amepoa viganja, mapigo ya moyo yanakimbia, ngozi ina mabaka. Kila aliyefundishwa huduma ya dharura anajua mkono unakwenda wapi: unafungua dripu na kuiacha ishuke haraka. Kwa kipindupindu au kuhara ni uamuzi sahihi na unaokoa. Kwa mtoto wa enterovirusi 71 aliyefikia hatua ya shina la ubongo, maji hayohayo yanakwenda kuongezea mapafu ambayo tayari yanavuja, na kuulemea moyo ambao hauwezi kusukuma hata kile ulichonacho. Alionekana kama aliyeishiwa maji, lakini shida yake haikuwa upungufu wa maji.

Hapa ndipo tofauti kati ya "moyo umeugua" na "ubongo unauua moyo" ilipoacha kuwa mjadala wa wataalamu wa hadubini. Taiwan waliandaa mwongozo unaogawa ugonjwa kwa hatua: kwanza vidonda na vipele, pili ubongo kuguswa, tatu moyo na mapafu, ambayo nayo huanza na shinikizo kupanda kabla ya kuporomoka, na nne kupona. Kila hatua ina matendo yake. Anayeshtuka analazwa na kuangaliwa shinikizo na mapigo kila mara. Maji hupunguzwa mapema. Mashine ya kupumulia haisubiri hadi mtoto ageuke bluu. Tainan walijaribu milrinone, dawa inayoupa moyo nguvu na wakati huohuo kulegeza mishipa iliyokaza: waliopewa walikufa asilimia 36.4, wakati wale wa kabla yake, waliokuwa na hali ileile, walikufa asilimia 92.3. Idadi ya watoto ilikuwa ndogo na kulinganisha kulifanywa na wagonjwa wa zamani, kwa hiyo tarakimu hizo zisibebwe kama ahadi. Lakini zinaelekea kule ambako maelezo ya Sarawak yalitabiri.

Mwaka 2008 enterovirusi 71 ilirudi Taiwan kwa nguvu. Walioripotiwa kuzidiwa walikuwa 373, karibu sawa na 1998. Waliokufa walikuwa 14.

Cambodia haikuwa na bahati hiyo. Mwaka 2012 zaidi ya watoto 50 walikufa kwa ugonjwa ambao mwanzoni ulitangazwa duniani kama "usiojulikana", hadi Taasisi ya Pasteur ya huko ilipokuta enterovirusi 71 katika sampuli nyingi. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba baadhi ya watoto walikuwa wamepewa steroidi, dawa za kutuliza uvimbe ambazo huwazidishia hali wagonjwa wa virusi hivi. Miaka 15 ilikuwa imepita tangu Sarawak. Hili linaniuma kuliko tarakimu nyingine zote katika kisa hiki, kwa sababu wakati huo jibu lilikuwa limeshaandikwa.

Waliopona nao wasisahaulike. Taiwan waliwafuatilia watoto 142 miaka kadhaa baada ya ugonjwa. Waliopata homa ya uti wa mgongo peke yake walikuwa karibu na kawaida. Lakini kati ya 28 ambao moyo na mapafu vilishindwa, asilimia 64 walibaki na kiungo dhaifu kilichosinyaa, asilimia 61 walihitaji kulishwa kwa mpira, na asilimia 57 walihitaji mashine ya kupumulia. Ukuaji wa akili nao ulichelewa. Mashine iliyowaokoa ikawa sehemu ya maisha yao, na ya mama zao.

Kutoka Borneo hadi kwetu

Sitaki kumtisha mzazi ambaye mtoto wake ana vipele viganjani leo. Virusi vinavyoleta ugonjwa huu ni vingi, na vingi havina ubaya wa enterovirusi 71. Hata hii yenyewe, watoto wengi huipita salama. Ninachotaka ni kwamba anayeona kushtuka, kutapika kusikokoma, uzito wa ajabu au mguu uliolegea asisubiri kesho.

Ndani ya nyumba, virusi hivi havina heshima ya mlango. Uchunguzi wa familia za Taiwan ulionyesha kwamba ndugu wa mgonjwa waliambukizwa kwa asilimia 84, na wazazi kwa asilimia 41. Zaidi ya nusu ya watu wazima walioambukizwa hawakuhisi chochote. Baba anayembeba mtoto mchanga baada ya kumvua nepi kaka yake anaweza kuwa njia bila kujua. Na hapa nina neno kuhusu vitakasa mikono vilivyobaki kila mlango tangu Uviko: enterovirusi hazina utando wa mafuta ambao spiriti huupasua, hivyo vitakasa hivyo havina nguvu ya kutosha juu yao. Sabuni na maji yanayotiririka huviondoa mkononi. Kwenye vinyago, sakafu na beseni, dawa ya klorini ndiyo inayofanya kazi. Na mtoto akishapona, kinyesi chake huendelea kutoa virusi kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kunawa kusikome siku vipele vinapokauka.

Enterovirusi 71 imeshafika Afrika Mashariki. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2004 ilieleza mlipuko wake kati ya watoto yatima wenye VVU jijini Nairobi. Kwa hiyo swali la kama inaweza kufika limeshajibiwa. Linalobaki ni kama tungeiona ikiua.

Tuna mtandao mmoja wenye nguvu, ule wa kusaka polio. Mtoto yeyote chini ya miaka 15 anayelegea kiungo ghafla anatakiwa kuchukuliwa kinyesi mara mbili, saa 24 au zaidi zikipishana, ndani ya siku 14, na sampuli kusafirishwa kwenye barafu hadi maabara, kama ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, jijini Nairobi au ya Taasisi ya Utafiti wa Virusi Entebbe. Ni kazi kubwa na imeokoa wengi. Lakini mlango wake wa kuingilia ni kulegea kiungo. Sarawak, waliolegea kiungo walikuwa asilimia 17 ya waliokufa, yaani watoto 5 kati ya 29. Wale 24 wengine wangepita pembeni ya mtandao huu, na kwenye rejista vifo vyao vingeandikwa kichomi, malaria au degedege, kwa kuwa ndivyo vinavyofanana na mtoto mwenye homa anayehema vibaya na kufa kabla ya mapambazuko.

Kuhusu dripu, eneo letu lina ushahidi wake, na ni wa kujivunia ingawa ni mchungu. Jaribio la FEAST, lililofanywa Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, liliwahusisha watoto 3,141 wenye homa kali na damu kukosa msukumo. Waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa asilimia 10.6 na 10.5 kwa aina mbili za maji. Ambao hawakumiminiwa walikufa asilimia 7.3. Wengi wao walikuwa na malaria na magonjwa mengine, kwa hiyo si ushahidi juu ya enterovirusi 71. Hata hivyo muuguzi wa hapa aliyekwisha kujifunza kusita kabla ya kufungua dripu ya mtoto asiyeharisha, tayari ana nusu ya mafunzo ambayo Taiwan waliyapata kwa gharama kubwa.

Chanjo ipo, lakini iko mbali. China, ambako ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo uliua watoto 2,457 kati ya 2008 na 2012, iliidhinisha chanjo tatu za enterovirusi 71 mnamo 2015 na 2016. Hutolewa dozi mbili kwa watoto kuanzia miezi 6, na katika majaribio zilizuia ugonjwa wa virusi hivyo kwa asilimia 90 na kuendelea. Taiwan nao waliidhinisha ya kwao mwaka 2023. Hazizuii koksaki wala enterovirusi nyingine, na haimo hata moja katika ratiba ya chanjo za watoto wetu.

Chanjo za China zilitengenezwa kutokana na tawi la virusi hivi liitwalo C4, linalotawala huko. Barani Afrika limeelezwa kundi jingine lililopewa herufi E, na Madagaska kundi F, na yote mawili yamepimwa kwa watoto wachache mno. Kama chanjo za Asia zitalinda mtoto wa Mwanza au Kisumu kwa kiwango kilekile ni jambo la kupimwa, na malighafi ya kulipima tunayo tayari: ni vikopo vya kinyesi vilivyokwishafika Nairobi na Entebbe, vikaonekana havina polio, vikiwa bado na enterovirusi ndani ambazo zinaweza kusomwa aina yake.